Kamba ya Jumba la Tollefsen

Haya yalimpata rafiki yangu Ardith, huku kwetu Nebraska. Mchana alikwenda kufunga maji, mabomba yasipasuke kwa baridi, katika jumba la akina Tollefsen, siku hizi makumbusho ya walowezi, dhoruba ya theluji ikamfungia humo. Akampigia mumewe.

"Usitoke! Hata gari hutaliona."

"Nilale na wafu, Delmar?"

"Watakukoma!"

Simu ikakatika, taa zikazimika. Jikoni kitu kikakwaruza. Akaenda huko akipapasa ukutani: kamba ya zamani iliyotundikwa hapo kwa maonyesho, waliyoifunga walowezi toka mlangoni hadi zizini wasipotee kwenye dhoruba, haikuwepo. Akaigusa sakafuni: ilikuwa imepita chini ya mlango, imekazwa, ikitikisika kama inayoshikwa mkono baada ya mkono. Zizi liliungua zamani.

Kamba ikalegea. Nje ya mlango, mtu akaanza kukung'uta theluji viatuni.