Jina Ambalo Redio Haikulisoma

Saa moja asubuhi, Jumatatu, redio ya Rigobert ilikuwa ikilia mbele ya mlango wake, katika mtaa wa Hewa Bora. Hili lilikuwa juma la pili. Alikunywa chai karibu nayo, akanyoa ndevu karibu nayo. Alikuwa akingoja jina la binti yake lisomwe.

Keren alikuwa amefaulu mtihani wa Serikali kwa alama nzuri. Alitaka kusomea udaktari katika chuo kikuu cha Serikali, kule Kasapa.

"Baba, benye tulimaliza nabo beko banaenda kujiandikisha," alisema huku akifagia.

"Bale batoto beko na haraka. Chuo ni ya État, ya Serikali. État iliona points yako. Itakuita."

Rigobert hakusema hivyo kwa uvivu. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Enzi hizo mtoto wa mfanyakazi hakuomba shule. Masomo yakikaribia, karani alipita katika kambi ya wafanyakazi akiita watoto kwa majina. Madaftari yalitoka kwa mwajiri, kama unga na dawa. Rigobert mwenyewe aliitwa hivyo. Kwake yeye, mwenye shule ndiye anayemtafuta mwanafunzi.

Mama Marceline, jirani yao, alipita na ndoo ya maji. Alikuwa mwalimu wa sekondari, na watoto wake wawili walikuwa wamesoma Kasapa.

"Papa Rigobert, ni wewe na redio tu? Mama Keren anajua kama ulioa bibi wa pili?"

Rigobert akacheka. "Ninangoya baite mutoto, aingie chuo."

Marceline akatua ndoo. "Nani atamuita?"

"État."

"Papa, État haiko kampani ya baba yako. Haina karani wa kupita mu manyumba. Na kwa udaktari kuko concours, mtihani ya kuingilia. Kujiandikisha kunafungwa Ijumaa hii. Mwenye hajajiandikisha haingii mu salle ya mtihani, hata kama alipata points kupita bote. Keren atabakia hapa mwaka muzima."

Keren akaacha kufagia.

"Sasa diplôme yenye alipata iko na kazi gani?" Rigobert akauliza.

"Inakupa ruhusa ya kubisha hodi. Mulango haifunguke yenyewe."

Akamweleza taratibu. Vitivo vingine hutazama alama za mtihani wa Serikali. Vingine huongeza mtihani wao wenyewe. Masharti hubandikwa chuoni kila mwaka, na ya mwaka jana huenda si ya mwaka huu.

"Na kulipa? Chuo ya État haiko bure?"

"Hapana. État inalipa ba professeur. Bazazi nabo banatoa sehemu yabo, na banaweza kuitoa kidogo kidogo, kwa tranches. Lakini unalipa ku banki, kwa compte, akaunti ya chuo. Muntu akisema 'leta mu mukono, nitamuingiza', umukimbie."

"Na bourse, feza ya État ya kusomea?"

"Iko kwa bantu kidogo, na inaombwa. Haimufuate muntu kwake."

Haikuwa rahisi kwa Rigobert kukubali kwamba juma zima la kungoja lilikuwa la bure.

"Uko na hakika, Mama?"

"Usiniamini miye. Enda ukasome."

Akaizima redio.

Kesho yake baba na binti walisimama Kasapa mbele ya ubao wa matangazo. Keren alisoma kwa sauti. Alama zake zilitosha. Karatasi zote alikuwa nazo, isipokuwa cheti cha kuzaliwa. Jumatano walikifuata kwenye ofisi ya komine, yaani manispaa, wakarudi nacho Kasapa Alhamisi.

Nje ya lango kijana mwenye miwani ya jua alimsogelea Rigobert.

"Mzee, concours ya nini? Leta kitu kidogo, jina ya mutoto itatoka."

"Weye ndiyo compte ya chuo?"

Kijana akaangalia pembeni, akaenda zake. Keren alicheka mpaka mlangoni mwa ofisi. Humo alikabidhi karatasi zake, akapewa namba ya mtihani.

Alifanya mtihani huo pamoja na wengine wengi. Matokeo yalipobandikwa, jina lake lilikuwemo. Rigobert alilipa tranche ya kwanza benki. Wakapeleka risiti chuoni, Keren akapokea kadi ya mwanafunzi.

Asubuhi iliyofuata Rigobert alirudi kwenye karakana anakochomelea milango ya chuma. Musonda, fundi mwenzake, alikuwa ameweka redio juu ya meza ya kazi. Mwanawe naye alikuwa na diploma, na alitaka kusoma sheria.

"Unasikiliza nini?" Rigobert akauliza.

"Ninangoya jina ya mutoto. Chuo si ni ya État?"

Rigobert akanyoosha mkono, akaizima.

"Kwa masomo ya sheria bado banaandikisha. Jana nilisoma ku ubao. Enda ukamuite mutoto, weye mwenyewe."

Adhuhuri hiyo Musonda na mwanawe waliteremka kutoka kwenye basi mbele ya lango la chuo, Kasapa.