Sentensi Isiyoonekana

Kila siku baada ya chakula cha jioni, Signe Halvorsen alifanya kazi zake za shule kwenye meza ya jikoni, mjini Duluth, huku mama yake akiosha vyombo. Juma hilo alikuwa akimalizia insha kuhusu riwaya ya Kiingereza iliyotungwa karibu miaka mia tatu iliyopita. Insha bora ingesomwa mbele ya wazazi.

Riwaya yenyewe aliipenda. Kilichomvuruga ni marejeleo. Mwalimu wa Kiingereza alitaka jina la mwandishi na ukurasa ndani ya mabano. Mwalimu wa historia alikuwa amewazoesha kuweka tanbihi chini ya ukurasa. Tena toleo la kwanza la riwaya hiyo halikuwa hata na jina la mwandishi!

"Mama, kwa nini wasikubaliane?"

"Mwanangu, mimi kuangalia tu kichwa kinaniuma."

Akampigia simu rafiki yake, Tobias.

"Wewe nawe! Nakili marejeleo kwenye mtandao," Tobias akasema. "Weka toleo la kwanza kabisa, uonekane msomi."

Signe akanakili.

Siku chache baadaye, mwalimu wa Kiingereza, Bi Lindqvist, alimwita mbele ya darasa.

"Signe, sentensi hii uliyonukuu umeitoa wapi?"

"Ukurasa wa mia na kumi na mbili, Mwalimu."

"Nimeangalia picha za toleo ulilolitaja. Ukurasa huo unazungumzia farasi anayechechemea. Umeitunga?"

"Katunga huyo!" mtu akanong'ona nyuma, darasa likacheka.

Signe alirudi nyumbani ameduwaa. Je, aliiota? Akafungua kitabu cha bibi yake, chenye jalada jepesi, alichokuwa akikisoma siku zote. Sentensi ilikuwepo, ukurasa ule ule! Alizidi kuchanganyikiwa, mpaka alipotazama mwaka wa kuchapishwa. Kitabu cha bibi kilikuwa na umri sawa na mama yake. Toleo la kwanza hakuwahi hata kuliona.

Asubuhi alikwenda nacho kwa Bi Lindqvist.

"Mwalimu, sentensi sikuitunga. Lakini nilidanganya. Nilisoma hiki, nikaandika kile."

Bi Lindqvist alifunua kurasa, kisha akavuta kiti cha pili. "Kaa. Wachapishaji hupanga kurasa upya kila mara, ndiyo maana sikuiona."

Wakaandika marejeleo ya kitabu cha bibi, kwanza kwa mabano, kisha kwa tanbihi. Insha iliyosomwa mbele ya wazazi ilikuwa ya mwanafunzi mwingine, na Signe aliumia. Hata hivyo, yake ilirudi na alama nzuri.

"Mabano na tanbihi utavizoea," Bi Lindqvist alimwambia akimkabidhi. "Msomaji anataka kujua ulishika kitabu kipi, ili naye akione ulichokiona. Ukimwambia kweli, nukta ikikaa vibaya tutaisahihisha. Ukimdanganya, hata nukta zote zikikaa sawasawa, hatakuamini tena."