Viti Kumi na Viwili Kutoka Musienene

Siku ya Ijumaa, saa kumi na moja na robo jioni, nilishuka kwa miguu kutoka ukumbini hadi kwa Mama Kavugho kuchukua viti kumi na viwili. Kazi hiyo haikuhitaji zaidi ya nusu saa. Ninataja saa kwa sababu mambo yaliyofuata hayaeleweki yasipopangwa. Hata yakipangwa...

Nitayapanga hata hivyo.

Nilikuwa na shahada ya usimamizi na kadi mpya zenye jina langu, Elsa, na chini yake maneno matatu: mpangaji wa sherehe. Ndoa ya Falonne na Edmond ilikuwa mkataba wangu wa kwanza. Wafanyabiashara wakubwa wa Butembo walikuwa wamealikwa. Ikienda vizuri, ningekuwa na kazi. Ikiharibika, habari ingefika sokoni kabla yangu, na hakuna familia ambayo ingenikabidhi tena hata ubatizo wa mtoto. Wageni walikuwa mia mbili pamoja na maarusi, kila mmoja na jina lake mezani. Ijumaa jioni: kuvivika viti vyote vitambaa vyeupe. Jumamosi saa moja asubuhi: kanisani. Kila jambo lilikuwa na mstari wake katika daftari langu.

Mama Kavugho hukodisha viti vya plastiki kwa ndoa na kwa vilio vya nusu ya mji. Asubuhi alikuwa ameniletea mia moja themanini na vinane. Kumi na viwili vilivyobaki niliviona nyuma ya nyumba yake, juu ya majani, vimepinduliwa, miguu juu.

"Bile hapana," alisema kabla sijauliza. "Bimetoka ku kilio leo saa sita, kule Musienene. Binalala kwanza."

"Kiti inalalaka, mama?"

"Ya kwangu inalalaka. Usiku moja, miguu juu. Kiti yenye imepinduka, hakuna mutu anaweza kuikalia. Ule mwenye alikuwa pale anachoka, anaenda kwake. Kesho saa moja unakuja kubeba."

"Kesho saa moja niko ku kanisa. Iko ndani ya programme, mama."

"Programme yako inajuaka kulia?"

Akacheka, akaingia jikoni kugeuza sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Usiku mmoja tu. Ndio uliokuwa kati yangu na amani. Lakini mstari wa Ijumaa jioni ulisema viti mia mbili, nami sikuwa mtu wa kuruka mstari.

Nikavigeuza mwenyewe, kimoja kimoja. Kumi na kimoja vilikuwa vyepesi, kama kiti chochote cha plastiki. Cha kumi na mbili hakikuinuka. Nilidhani tope limekishika.

Nikavuta.

Kikaachia taratibu, kama mtu anayekubali kusimama shingo upande.

Mumbere, mwanamume wa makamo anayesukuma mizigo kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na mnyororo, aliningoja barabarani. Akavifunga kwa kamba. Kwenye mlima wa kwanza alisimama, jasho likimtoka.

"Mademoiselle, miye ninabebaka ciment. Mifuko sita, napanda nayo huku naimba. Hii kiti kumi na mbili umetia nini ndani?"

"Hewa."

"Basi hewa ya Musienene inakulaka muzuri."

Tukacheka. Yeye aliacha kucheka kabla yangu. Aligeuka, akavitazama viti, kisha akasukuma hadi ukumbini bila kuimba.

Saa kumi na mbili na nusu viti vyote mia mbili vilikuwa vimevikwa nyeupe, utepe wa dhahabu mgongoni. Vilipendeza. Vilifanana. Nilizima taa, nikafunga mlango, na sikufikiri hata mara moja kwamba sasa mimi mwenyewe sikuweza kujua vile kumi na viwili ni vipi.

Jumamosi, kanisani, hakuna kilichoharibika. Saa nane wageni walianza kuingia ukumbini. Saa tisa kasorobo, shangazi yake Edmond alinifuata amekunja uso.

"Mademoiselle, umenipa kiti yenye kuko mutu."

Nilitazama. Kiti kilikuwa kitupu, jina lake mezani mbele yake. Nilimshika mkono, nikamrudisha. Alifika hatua moja kutoka pale, akasimama. Akainamisha kichwa.

"Pole, mama," alikinong'oneza kile kiti. Akarudi nyuma.

"Nani iko pale, tantine?"

"Mama moja. Analia. Juu ya nini mumealika batu ba kilio ku ndoa?" Alinitazama kwa hasira. "Hauna haya?"

Harufu ilinifikia wakati huo. Moshi wa mkaratusi. Vitenge vilivyonyeshewa mvua. Na chini ya muziki, chini kabisa, sauti za wanawake wakiimba midomo imefungwa... Mmmm... mmmm...

Nikahesabu. Hivyo ndivyo nilivyo, nikiogopa, ninahesabu. Kitupu kimoja karibu na nguzo. Viwili karibu na keki. Kingine katikati ya wajomba, ambao walikuwa wamejibana upande mmoja bila kujua kwa nini. Kwa jumla, vitupu kumi na kimoja. Ukutani, wageni kumi na mmoja walikuwa wamesimama, sahani mkononi.

Kumi na kimoja.

Nikahesabu tena.

Basi cha kumi na mbili kilikuwa na mtu hai. Mtu ambaye hakuona kwamba kimejaa, au ambaye hakupewa nafasi ya kutazama kabla ya kuketi. Na katika sherehe kuna mmoja tu anayeketishwa na wengine huku amefunikwa uso.

Niliinua macho polepole kuelekea meza ya maarusi.

Falonne alikuwa amevua viatu.

Alikuwa ameyatoa maua kichwani, moja baada ya jingine, na kuyalaza mezani. Alikuwa amefumua nywele. Alitikisika mbele na nyuma, kama wanavyotikisika wanawake kando ya sanduku la maiti. Karibu yake, mzima, Edmond alikuwa akimtabasamia mpiga picha.

Nikachuchumaa nyuma yao.

"Mumubebe polepole," Falonne alikuwa akinong'ona. "Mulango ni mudogo. Mumubebe polepole..."

"Falonne. Ni miye, Elsa."

"Alisema atarudia nyumbani saa kumi. Ona sasa. Ni saa ngapi hii?"

Akashusha kwikwi. Na kwikwi hiyo ilipotoka, glasi iliteleza mkononi mwa Edmond.

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi, kama chupa iliyotoka kwenye friji. Midomo yake ilikuwa imepauka. Kifua kilipanda. Nikangoja. Nikangoja sana. Kikapanda tena.

"Edmond?"

"Niko muzuri," alisema, tabasamu lile lile usoni. "Ni vile tu ninabasikia mbali..."

Kwikwi nyingine. Kifua hakikupanda.

Kisha kikapanda.

Nilijaribu kumwinua bibi arusi. Hakuinuka. Kucha zake zilikuwa zimeshika plastiki chini ya kitambaa. Wageni walidhani analilia nyumba ya wazazi wake, kama inavyompasa binti mwenye malezi. Wengine walipiga makofi. "Lia, mama, lia!" walimwambia wakicheka. Naye alilia, na kila alipolia, mume wake alipungua.

Saa kumi na dakika arobaini nilimpigia Mama Kavugho simu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nani aligeuza kiti?"

"Ni miye."

"Ku kilio, mujane anaamushwaka namna gani?"

Nilijua. Kila mwanamke wa kwetu anajua. Mjane akichoka, mwenzake humchuchumalia mbele, humshika mikono, humwambia apumzike, kisha hukaa mahali pake.

"Mama, miye sina hata bwana..."

"Ule bwana arusi angali anapumua?"

Nikatazama.

"Kidogo."

Akakata simu.

Nilizunguka meza. Nilipiga magoti mbele ya Falonne, nikaishika mikono yake yote miwili.

"Pumzika, mama," nilisema. "Unipe. Miye nitalia."

Alinitazama kwa macho ambayo hayakuwa ya msichana wa miaka ishirini na minne. Kidole kimoja kikaachia. Cha pili. Akasimama.

Nikakaa.

Kitambaa kilikuwa na joto la Falonne. Chini ya joto hilo palikuwa na mtu.

Edmond alikohoa, akanywa glasi nzima ya maji, akauliza kama nyama imekwisha. Falonne aliuliza nani amemfichia viatu. Wale wageni kumi na mmoja walitoka ukutani wakaketi bila kuambiwa. Saa kumi na moja na nusu, kabla giza halijaingia, sherehe ilifungwa. Familia zote mbili zilinishukuru. Watu wawili waliomba kadi yangu, mmoja wao kutoka Beni. Niliwapa, huku machozi yakinidondoka bila kukoma.

"Ona vile anapenda kazi yake," walisema.

Jumapili, Mama Kavugho nami tulivipeleka viti vile kumi na viwili Musienene ndani ya pikapu, miguu juu. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba kilio kina mwenyewe, na mwenyewe akikubali atakichukua.

Mjane wa kilio hicho aliitwa Agar. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi. Tulimkuta mlangoni akimenya viazi, akiimba chini chini wimbo wa dansi. Upande wa pili wa lupango, ua wa nyumba, ndugu za marehemu walikuwa wamekaa pamoja, wakimtazama, bila mmoja kumkaribia.

"Tangu juzi jioni machozi ilikauka," alituambia kwa sauti ya chini. "Jana nilicheza. Hapa hapa, mbele ya bakwe. Miguu ilicheza yenyewe. Sasa banasema ni miye nilimuroga bwana wangu. Banasema mulozi haliliake mutu mwenye amekula."

Mama Kavugho aliweka kiti cha kumi na mbili mbele yake, kimevuliwa kitambaa, na ufa mdogo kwenye mguu.

"Kaa, mama. Mademoiselle amekuja kukurudishia."

Agar alikaa. Nilichuchumaa mbele yake, nikamshika mikono. Tulingoja. Kuku alipita. Mtu upande wa pili alitema mate chini.

Hakuna kilichotoka kwangu. Kilikuwa kiti cha plastiki tu.

Agar aliyatazama magoti yake. Kisha aliyatazama macho yangu yaliyovimba, na nikaona aibu ikimpanda usoni. Akaniinamia hadi sikioni, ili wakwe wasisikie.

"Mademoiselle," alinong'ona. "Sura ya bwana wangu imenipotea. Naangalia picha, naona mutu tu. Batoto bataniuliza. Uniambie... alikuwa namna gani?"

Sikuwahi kukutana na mtu huyo. Sikuwahi kuona picha yake. Nilifungua kinywa nimwambie hivyo.

Badala yake nikaanza kumsimulia mikono ya mumewe.