Betri ya Nne

Kila asubuhi Nahodha alianza kazi na ndoo. Aliinua ubao wa sakafu ya mashua, akachota maji yaliyopenya chini, akayamwaga nje. Ndoo sita. Siku nyingine nane. Kazi hiyo ilikuwa ya pampu. Lakini pampu hula umeme, na umeme haukutosha.

Mashua ilikuwa ndogo, ya injini, yenye vitanda vinne na jiko la kuchemshia chai. Baba yake ndiye aliyemwachia. Aliwatembeza wageni ziwani siku mbili tatu, wakalala humo humo, kisha akawarudisha gatini. Wageni walimwita Nahodha. Wabeba mizigo wa gatini walimwita Nahodha. Mama yake peke yake alimwita "wewe mtoto", na mtoto mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Mama alikuwa na desturi moja. Kila mwaka, ikifika siku aliyofariki mumewe, alipaka injini rangi ya bluu. Marehemu alikuwa akiipaka kila mwaka, yeye kwa kijani, na Mama hakutaka desturi ife naye. Alipaka kila pembe. Kilichofunguka alikifungua, akakipaka mbele na nyuma, akakifunga tena.

Marehemu alizama miaka mitano iliyopita. Pampu ilinyamaza katikati ya ziwa, mashua ikajaa maji. Mashua ilivutwa ikarudi. Yeye alipatikana siku ya tatu. Watu wakasema, "Ni kazi ya Mungu." Watu husema hivyo upesi sana, hasa walio nchi kavu.

Wiki iliyopita pampu ilinyamaza tena. Nahodha alikuwa na wageni wanne. Walichota maji kwa sufuria na kuyamwaga mpaka gatini. Mama alikuwa amesimama pale. Alimwona mgeni mmoja anashuka na sufuria mkononi, anaondoka nayo, amesahau kuiacha.

"Basi," Mama alisema. "Ziwa limeshanichukulia mmoja. Wa pili simtoi. Jumamosi mashua inauzwa."

Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa ameshapata mnunuzi. Mtu huyo aliitaka mashua aivunje, achukue mbao na injini.

"Mama, nipe mpaka Ijumaa."

"Ufanye nini? Ununue betri ya tano?"

Betri iliyokuwa ndani ilikuwa ya nne, na haikuwa imemaliza miezi mitatu. Kila mara muuza betri aliitazama tu, akatikisa kichwa kama daktari, akasema, "Hii imekufa. Chukua mpya." Hakupima hata moja kati ya hizo nne.

Nahodha alikwenda kumwita Fundi. Huyu alikuwa rafiki wa baba yake. Alikuwa fundi umeme wa vivuko, kazi ikampeleka mbali, na mwaka huu amestaafu na kurudi. Watu walimwita Bwana Pima. Walisema hata chai huipima kabla ya kuinywa.

Alikuja Alhamisi, saa nne asubuhi, na mfuko mmoja.

"Shikamoo, mzee," alisema Nahodha.

"Marahaba, mwanangu. Shemeji, hujambo?"

"Sijambo," alijibu Mama kutoka gatini. Alikataa kupanda.

Mjomba alikuwa amekaa ndani na sigara mdomoni.

"Zima hiyo," alisema Fundi. "Betri hutoa hewa inayolipuka. Unataka tukuokote vipande vipande?"

Mjomba akaizima. "Usijichoshe, Fundi. Alteneta ni nzima. Niliijaribu mwenyewe. Injini ikiwa inaunguruma nilichomoa waya wa betri, na haikuzima."

Alteneta ni kile kifaa kinachozungushwa na mkanda wa injini na kuzalisha umeme wa kujaza betri.

"Nani alikufundisha kuchomoa waya injini ikiwaka?"

"Kila mtu hufanya hivyo."

"Ndiyo maana kila mtu ameunguza alteneta yake! Ungeiua kwa mkono wako, kisha ungesema imejifia. Usirudie."

Mjomba alimgeukia Nahodha. "Mkali kama pilipili, mzee wako."

"Kaa kimya, Mjomba. Tunajifunza."

Fundi alitoa mita, kifaa cha kupimia umeme. Injini ilikuwa imezimwa tangu jana. Aligusa nguzo mbili za betri kwa sindano mbili za mita.

"Soma."

"Volti kumi na mbili nukta moja."

"Betri iliyoshiba husoma kumi na mbili nukta saba. Hii ina njaa. Sasa washa injini."

Injini ilikohoa, ikashika. Fundi alipima tena pale pale.

"Kumi na mbili nukta sita," alisoma Nahodha.

"Injini ikikimbia inatakiwa ipite kumi na nne. Chakula hakifiki. Tukaulize jikoni."

Alipima kwenye alteneta yenyewe, sindano moja kwenye nguzo yake, nyingine kwenye mwili wake. Kumi na nne nukta tatu.

"Umeona? Jikoni wamepika. Mezani watu wana njaa. Mtoto akikonda kwa kukosa chakula, unakwenda kutafuta mtoto mwingine? Ninyi mmebadilisha watoto wanne!"

Mjomba alicheka. Fundi hakucheka.

"Umeme huenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine," alisema. "Tupime njia zote mbili."

Kutoka nguzo ya alteneta mpaka upande wa chanya wa betri, mita ilisoma karibu sifuri. Njia hiyo ilikuwa safi. Kutoka mwili wa alteneta mpaka upande wa hasi, ilisoma moja nukta sita.

"Hapa. Hii nayo ilitakiwa iwe karibu sifuri. Umeme unarudi kupitia chuma kwa chuma, pale alteneta inapokaa kwenye injini. Kuna kitu katikati."

Alizima injini. Alifungua kwanza waya wa hasi wa betri, ndipo akaifungua alteneta. Aligeuza kikalio chake, sehemu inayokaa kwenye injini, kuelekea mwanga.

Rangi ya bluu. Nene kama ganda la yai.

"Rangi haipitishi umeme," alisema. "Nani anapaka hapa?"

Mjomba alitazama sakafu. Mama alipanda mashuani polepole. Aliichukua alteneta, akaikwangua kwa ukucha. Chini ya bluu palikuwa na kijani.

"Bluu ni yangu," alisema. "Kijani ni yake. Aliipaka wiki mbili kabla ya kuzama." Aliigeuza alteneta mkononi. "Na alikuwa amenunua betri mpya."

Alimgeukia Fundi.

"Shemeji, niambie kweli. Ndiyo iliyomuua?"

Fundi alifuta mikono muda mrefu.

"Siwezi kuapa. Siku ile hakuna aliyepima. Walisema ni kazi ya Mungu, wakaenda makwao. Tumezika wengi hivyo, shemeji. Hata mwenzangu wa kivukoni, aliyepigwa na umeme, tulimzika hivyo, na mpaka leo sijui ni waya gani uliomuua."

Mama alinyoosha mkono. "Nipe msasa."

Alisugua mwenyewe. Bluu ikaanguka, kijani kikaanguka. Chuma kikang'aa. Alisugua na pale kwenye injini, machozi yanamtoka, na hakuyafuta. Fundi alikaza nati, akapaka grisi kwa nje kuzuia kutu, akarudisha waya wa hasi mwisho kabisa.

Injini ikawaka. Nahodha alisoma kwenye betri: kumi na nne nukta mbili.

Jioni betri ilikuwa imeshiba. Ijumaa asubuhi Nahodha aliinua ubao, ndoo mkononi. Chini palikuwa pakavu. Pampu ilikuwa imefanya kazi yake.

Jumamosi mnunuzi alikuja na nyundo zake. Mjomba alimpa chai, akamrudisha alikotoka.

Mama bado anapaka injini kila mwaka. Kikalio cha alteneta hakigusi. Na kila safari yeye ndiye wa kwanza kushuka chini na mita. Siku ya safari ile ya kwanza, injini ikiunguruma na wageni wakisubiri juu, alitazama namba muda mrefu kama mtu anayesoma barua.

"Kumi na nne nukta mbili," alisema. "Haya. Nenda, Nahodha."