Pazia la Dirisha la Nyuma

Jumapili ile baada ya chakula cha mchana, Cyril Bagnall alikuja kwa rafiki yake Wilfred Ottaway kama kawaida, keki ya matunda kwapani, picha mfukoni. Mchezo wao ulikuwa uleule kwa miaka ishirini. Mmoja anaifunika picha ya gari la zamani kwa kadi, anaacha upenyo mdogo, mwenzake anataja gari. Walitaka magari ya Uingereza ya kabla ya Vita vya Pili tu, ya milango minne na viti vya ngozi, yenye vijikono vya taa vinavyochomoza ubavuni dereva akitaka kukata kona. Watu waliomo pichani hawakuwahusu. Bibi harusi, askari, mtoto mchanga, wote walikuwa wanaziba gari.

"Haya, mjuaji," Cyril alisema akisogeza kadi. "Leo nimekupata."

Wilfred aliinamisha lenzi yake ya kukuzia. "Bampa ya nyuma. Usinichezee, hiyo Wolseley."

"Hata mke wangu angesema Wolseley. Ya mwaka gani?"

"Thelathini na saba. Nyeusi."

Gari lile alilijua. Mwaka huo, akiwa na miaka tisa, gari la kukodi la aina hiyo lilisimama nje ya nyumba hii hii, hapa mjini Ludlow, likamchukua mama yake kwenda hospitali ya kifua kikuu. Mama hakurudi. Wilfred aliikumbuka harufu ya ngozi na petroli, matundu ya boneti, hata ile nembo ya mbele inayowaka taa gizani. Kitu kimoja tu hakukijua: kama mama aligeuka kumpungia mkono. Macho yake yalikuwa kwenye magurudumu. Miaka hamsini na tisa jambo hilo lilimtafuna, na aibu ilimzuia kumwambia mtu yeyote, hata Cyril.

"Umeipata wapi?"

"Sokoni, kwenye boksi la vikorokoro. Vipi, mbona umepauka, bwana wee?"

"Kachemshe chai."

"Mtumishi wako mimi," Cyril alinung'unika, akaenda jikoni.

Wilfred aliiondoa kadi. Kando ya gari alisimama mtoto, soksi moja imeshuka, kichwa kimeinama kwenye gurudumu. Nyuma yake, mlango wa nyumba. Namba kumi na moja. Mlango wake.

Dirisha la nyuma la gari lilikuwa na pazia, lile dogo ambalo dereva huvuta kamba kulipandisha au kulishusha. Lilikuwa limeshushwa mpaka chini.

Alifuta lenzi, akatazama tena. Pazia lilikuwa nusu.

"Inua kichwa," alimnong'oneza yule mtoto. "Mwangalie. Inua kichwa, we mpumbavu."

Mtoto hakuinua.

Pazia lilipanda. Glavu nyeupe ikatokea kwenye kioo. Kisha ukingo wa kofia. Chumba kilinuka ngozi na petroli. Wilfred aliogopa, na bado alitamani sana kuuona uso ule. Akapepesa macho.

Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Mlango wa gari ulikuwa wazi.

Bawaba zake zilikuwa upande wa nyuma. Miaka yote alikuwa akizikumbuka upande wa mbele. Alisogeza lenzi.

Ko. Ko. Ko. Kwenye kioo cha dirisha, nyuma ya kiti chake.

"Wilf!" Cyril aliita toka jikoni, ambako dirisha nalo linatazama barabara ya mbele. "Kuna mama mmoja hapo nje, kavaa kofia. Anakugongea. Unamjua?"

"Ngoja kidogo," Wilfred alijibu. "Naangalia bawaba."

Ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Akageuka.

Hapakuwa na mtu. Kwenye kioo, kwa nje, palikuwa na alama ya kiganja chenye glavu, imepita kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama mtu anavyopunga mkono kuaga.

Cyril aliingia na sinia. "Kaenda wapi? Hukumfungulia?"

Wilfred alikuwa analia. Pichani gari halikuwepo tena. Mtoto alibaki peke yake, kichwa amekiinua, anatazama barabara tupu.

Cyril aliisugua alama ile kwa siki, kisha kwa wembe. Haikutoka. Siku hizi kiti cha Wilfred kinatazama dirishani, na Cyril akileta picha, mwenzake haipokei. "Nieleze tu ilivyo," anasema, macho yakiwa nje.

Mwezi Novemba fundi aliweka kioo kipya. Jumapili iliyofuata Wilfred alikwenda jikoni mara moja, kuzima birika. Aliporudi, alama ilikuwa pale pale, bado mbichi, na safari hii ilikuwa upande wa ndani.