Mrija wa Kwanza

Nyumba ile ya mtaa wa Muhumba ilinuka kasiksi, na hakuna aliyekuwa ameingiza pombe humo. Emérence aliisikia harufu mara tu alipofungua mlango kuwaonyesha wapangaji vyumba: ndizi zilizochacha, kama mtungi umefunuliwa nyuma ya ukuta. Akafungua madirisha, akajisemea ni majirani, akaendelea na habari ya kodi. Wapangaji, mwalimu Placide na mkewe Sophie, walisema kwa adabu kwamba nyumba ni nzuri.

Na ilikuwa nzuri kweli. Enzi hizo za Zaïre, aliyepata nyumba ya matofali ya kupangisha Muhumba alionekana ameiaga njaa. Emérence alikuwa mkunga, mjane asiye na mtoto, na ili kuinunua alikuwa ameuza shamba lake lote la Nyangezi, urithi wa baba yake. Hakubakiza hata mgomba mmoja. Nyumba hii ndiyo ingemlisha uzeeni.

Wala hakununua kijinga. Aliuliza yote ambayo mnunuzi mwenye akili huuliza: hati ziko kwa jina la nani, mpaka unapita wapi, bati linavuja, kilima hakiporomoki mvua ikishika? Muuzaji alikuwa Honoré, kaka yake wa tumbo moja, aliyemlea tangu baba yao alipofariki, mwenye duka mtaa wa Nyawera. Alimjibu yote bila kuchoka. Swali la mwisho tu ndilo alilolijibu huku akikusanya hati.

"Yaya," alimwita, kwa jina la heshima la kaka mkubwa, "wapangaji ya mwisho walitokaka juu ya nini?"

"Kazi. Walipelekwaka Kinshasa," alisema Honoré. "Mi naweza kukudanganya wewe?"

Wakaimaliza biashara kwa desturi ya kwao: kibuyu cha kasiksi mlangoni pa nyumba hiyo, mrija mmoja, mashahidi pembeni. Kwao, anayetoa pombe ndiye huonja kwanza, hata mtoto anajua. Lakini siku ile Honoré aliupangusa mrija kwa leso yake, akamwelekezea dada yake. "Wewe ndiyo iko mwenye nyumba sasa," alisema. "Unywe mbele." Emérence aliona ameheshimiwa, machozi yakamlengalenga, akanywa. Hilo hakuliuliza. Nani humuuliza kaka yake kama pombe yake ni salama?

Placide na Sophie hawakukaa. Sophie alimfuata Emérence kazini akiwa amejifunga kitenge vibaya, na kwa sauti ya chini alimweleza kwamba kuna mtu ananywa ukutani. Emérence alitaka kucheka, ila uso wa yule mwanamke ulimkataza. Akampa funguo za kwake alale huko na mumewe, naye akaenda mwenyewe.

Ilikuwa alasiri ya mvua. Aliketi chumbani akisikiliza bati, na mvua ilipopungua akausikia, mfyonzo mrefu wa mrija uliofika chini ya kibuyu kitupu, ule wa mlevi asiyekubali kwamba pombe imekwisha, ukinyamaza kama unaomeza, ukianza tena karibu zaidi, kwenye kona, halafu nyuma ya kiti chake, halafu chini ya nyayo zake, huku harufu ya ndizi ikimjaa puani hadi kinywa chake mwenyewe kikawa na ladha ile ya mlangoni, na alipojaribu kusali Salamu Maria ulimi ulikuwa mzito na mtamu, hautaki kusogea. Akatoka mbio bila viatu.

Padri alikuja akanyunyiza maji ya baraka. Harufu ikatoweka, ikarudi kabla sakafu haijakauka. Ndipo Emérence akamwita muzee Cirhuza, mufumu, mganga wa kienyeji wa Nyangezi, ambaye hakuvuka hata kizingiti.

"Hiki kitu hakikuingia chenyewe," alimnong'oneza. "Kaka yako alikiletaka, kimukuzie duka. Sasa kilikuwa kinamudai mutu wa damu yake. Mwenye kunywa mbele hapa mulangoni, ndiye alikipokea."

"Kitatoka namna gani?"

"Hakitoke, maman. Kinapokelewa tu na mwingine wa damu yenu."

Emérence alimwambia ni mwongo. Alimkasirikia mzee wa watu, maana kama hilo ni kweli basi maisha yake yote hayakuwa kama alivyoyajua. Akanunua kibuyu cha kasiksi, akashika njia ya Nyawera. Honoré angekunywa, wangecheka, yangeisha.

Alimkuta mezani na Martine, binti yake wa pekee. Emérence akaweka kibuyu mlangoni, akatia mrija.

"Yaya, nimekuletea. Leo wewe unywe mbele."

Honoré alitazama mrija. Akasema tumbo linamsumbua. Akasema amemeza dawa. Emérence alimsihi aonje tu, tone moja, na kila aliposihi yeye alisogeza kiti nyuma. Martine, aliyempenda shangazi yake, akainuka akicheka.

"Basi lete mi nionje, tantine," alisema, akainama juu ya kibuyu.

Honoré aliruka. Mtu mwenye kitambi kile na miaka ile, alivuka meza, sahani zikamwagika, akakipiga kibuyu kikapasuka kabla midomo ya bintiye haijagusa mrija. Halafu akasimama akihema, mkono ukichuruzika pombe. Emérence aliutazama mkono ule. Ndio uliompangusia mrija.

"Kumbe unajuaka kuruka, yaya," alisema.

Honoré akaanza kulia. Alisema ana mtoto, aelewe, ana mtoto. Emérence akamuuliza yeye basi ni nani, na kaka yake akainama kuokota vipande vya kibuyu.

Alirudi Muhumba kwa miguu. Nyumbani kwake wamelala watu aliowaponza mwenyewe, shamba limekwenda, kaka hana. Alifungua mlango, harufu ikampokea, akaketi sakafuni maana hakuwa na pengine pa kuketi. Mfyonzo ulikuwa ukiendelea ukutani. Ukanyamaza.

"Karibu, mwenye nyumba," ilisema sauti, taratibu, kwa upendo. Ilikuwa sauti ya Honoré, ile ya zamani, aliyombembelezea siku walipomzika baba.

Emérence akainuka kama mtu aliyefika kwake, akafunga mlango kwa ndani.