Mlango wa Ndege ya Nuu

Kila jioni masomo yalipokwisha, Nzisa alipitia nyumbani kuchukua chupa ya chai, akavuka reli ya zamani, kisha akateremka hadi gereji ya Mjomba Kiema kando ya barabara ya Mombasa. Kila aliyeishi mjini Sultan Hamud aliijua gereji hiyo kwa sauti yake. Nyundo ilianza kulia asubuhi na haikunyamaza mpaka jua lilipoelekea kutua.

Mjomba Kiema alikuwa fundi wa bodi. Gari lililogongwa liliingia kwake limekunjamana kama karatasi, likatoka limenyooka. Lakini kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kugeuza magari. Aliweza kulichukua gari la abiria, akaziba madirisha yake kwa bati, akapaka fila, ule uji mzito wa kuziba mashimo, akalisugua kwa msasa na kulipulizia rangi. Likitoka hapo lilikuwa gari la mizigo, wala hungejua kwamba liliwahi kuwa na dirisha.

"Gari halizaliwi mara moja tu," alizoea kusema.

Nzisa, msichana wa miaka kumi na miwili, alimmiminia chai na kumshikia msasa. Ndiyo maana hakuamini kwamba kitu kikishaundwa hakiwezi kuwa kingine.

Jumatatu moja Mwalimu Gachanja, mlezi wa Chama cha Sayansi, aliingia darasani akiwa amekumbatia maboksi matatu. Ndani ya kila boksi mlikuwa na ndege ya plastiki iliyotenganishwa vipande vidogo, vyote vikiwa vimeshikana kwenye fremu kama matunda kwenye tawi. Wanafunzi walitakiwa kuvikata, kuvigandisha kwa gundi, na kuonyesha ndege zao Ijumaa ya wiki iliyofuata, siku ya wazazi.

Nzisa na rafiki yake Shiru walipewa ndege ndogo ya abiria, yenye mabawa juu na madirisha mengi ubavuni. Nzisa alipoona picha kwenye boksi, moyo ulimruka. Aliifahamu ndege ile.

"Mwalimu," akasema, "hii yetu tunaweza kuigeuza?"

"Kuigeuza vipi?"

"Iwe ile iliyonyunyizia nzige dawa kule Nuu. Ni ndege ya aina hiihii, ila madirisha yake yalikuwa yamezibwa, na nyuma ilikuwa na mlango mpana wa kuingizia dawa."

Musyimi, aliyekuwa na kikundi chake dawati la mbele, akageuka. "Ati nzige! Boksi limeandikwa ndege ya abiria. Hao nzige watakaa viti vya dirishani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nzisa hakucheka.

"Cheka tu," akamwambia. "Hawakula ndengu za nyanya yako."

Nzisa alikuwa na miaka sita nzige walipokuja, naye siku hizo aliishi Nuu kwa nyanya yake, Susu Wayua. Walishuka kama moshi wa kahawia. Susu alipiga debe mpaka sauti ikamkauka, lakini kufikia adhuhuri shamba la ndengu lilikuwa vijiti vitupu. Siku mbili baadaye ndege ya manjano ilipita chini kabisa, ikiacha ukungu wa dawa nyuma yake. Susu alivua kitambaa chake cha kichwani akaipungia. Kwa Nzisa, hakukuwa na ndege nyingine duniani iliyostahili kuundwa.

Mwalimu Gachanja alikuna kidevu. "Maagizo yamekuja ndani ya boksi, Nzisa. Kazi yako ni kuyafuata."

"Maagizo hayakuwa Nuu siku ile, Mwalimu. Mimi nilikuwa."

Shiru alimvuta sketi kwa chini ya dawati, lakini Nzisa alibaki amesimama wima. Mwalimu akasema polepole:

"Sawa. Lakini nakuwekea masharti mawili. La kwanza, ndege isiharibike. La pili, kila mtakachobadilisha mniletee ushahidi wake. Hii ni sayansi, si hadithi. Ukishindwa lolote kati ya hayo, utatoka katika chama hiki mwaka mzima."

"Nimekubali, Mwalimu," Nzisa akajibu. Shiru akafunika uso kwa viganja.

Ushahidi ulikuwepo. Mjomba Kiema alikuwa Nuu wakati ule, na kwa simu yake aliipiga ndege ile picha ikiwa imetua uwanjani. Ilionekana ubavu mzima wa kushoto, pua ikielekea kushoto kwa mtazamaji, mlango mpana ukiwa wazi nyuma ya bawa. Mjomba alimtumia Nzisa picha hiyo kupitia simu ya mama yake Shiru, ambaye ana duka la kuchapisha karatasi pale mjini.

Kwa siku nne wasichana wale walifanya kazi katika kona ya gereji. Waliziba madirisha moja baada ya jingine kwa vipande vya plastiki na fila. Walipasha vipande vya fremu moto juu ya mshumaa, wakavivuta vikawa vyembamba kama nyuzi, navyo vikawa mabomba ya kunyunyizia dawa chini ya mabawa. Musyimi alipita siku moja akichungulia mlangoni.

"Bado mnaiharibu?" akauliza.

"Bado unaulizauliza?" Nzisa akamjibu bila kuinua kichwa.

Jumamosi ilikuwa zamu ya mlango. Kiwiliwili cha ndege kilikuwa katika nusu mbili, ya kulia na ya kushoto. Nusu hizo zilikuwa mezani, sehemu ya ndani ikitazama juu. Nzisa aliiweka picha pembeni, akachagua nusu ambayo pua yake ilielekea kushoto, sawasawa na pichani. Alipima, akachora mstari, akakata taratibu kwa wembe. Kipande kilipotoka alikikatakata kikawa vishikizo vya kushikilia yale mabomba, maana hakutaka plastiki hata kidogo ipotee.

Kisha akaunganisha nusu mbili kwa seloteipu ili aone.

"Nzisa," Shiru akasema kwa sauti ndogo. "Mlango uko upande wa kulia."

Nzisa aliigeuza ndege. Akaigeuza tena. Nusu aliyoikata alikuwa ameitazama kwa ndani, na kwa ndani kulia huonekana kushoto. Plastiki haimei tena kama ukucha.

"Mwalimu atakutoa," Shiru akasema. Alifikiri kidogo, kisha macho yakamng'aa. "Lakini, unajua, simu inaweza kugeuza picha. Ukibonyeza mara moja tu, kushoto kunakuwa kulia. Tunakata hapa mkiani penye herufi ili zisionekane zimepinduka. Mama ananiachia mashine ya kuchapisha nitumie."

"Huo ni uongo, Shiru."

"Uongo gani? Ndege ni ileile, mlango ni uleule. Nani hapa Sultan Hamud anajua mlango ulikuwa upande gani? Ama unataka Musyimi acheke mwaka mzima?"

Jina la Musyimi ndilo lililomshinda Nzisa. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukawa ndiyo. Waligandisha nusu mbili kwa gundi, na Mjomba Kiema akawapulizia rangi ya manjano iliyobaki kwenye kopo. Jumatano picha iliyogeuzwa ilikuwa imechapishwa, safi, imebandikwa kwenye kadibodi. Ndege ilipendeza. Lakini kila Nzisa alipoitazama, macho yake yalitoroka ule ubavu wenye mlango.

Alhamisi mchana Susu Wayua aliwasili kutoka Nuu kwa ajili ya siku ya wazazi. Hakutaka hata kupumzika. "Nipelekeni niione ndege yangu," akasema, naye akafika gerejini na kyondo chake, kile kikapu cha kusuka, begani. Aliishika ndege kwa viganja viwili kama anayeshika kifaranga.

"Ai! Ni yenyewe. Hata mabomba ya dawa yapo!"

Kisha akaiona picha kwenye kadibodi. Akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Akainamisha kichwa.

"Kiema," akamwita mwanawe, "kilima cha Nuu kilihama lini?"

Mjomba Kiema akaacha nyundo. "Kuhama namna gani, Mwaitu?" akamwuliza mama yake.

"Hapa ni uwanjani, na aliyepiga picha amesimama karibu na ule mti wangu wa mgunga. Ukisimama hapo, kilima kiko mkono wa kulia. Miaka sitini na minane nimeamka nikikiona. Hapa kiko kushoto." Akamgeukia mjukuu wake. "Nzige walikula ndengu zangu, walikula kunde zangu, hata majani ya mbaazi wakamaliza. Lakini kilima hawakukigusa. Nani amekisogeza?"

Shiru alitazama viatu vyake. Nzisa alipiga hatua mbele.

"Ni mimi, Susu," akasema. Akaeleza yote, tangu wembe hadi simu, bila kumtaja Shiru. Shiru alivumilia mpaka hapo, kisha akasema, "Wazo lilikuwa langu."

Mjomba Kiema hakupaza sauti. Alichukua bisibisi, akawapeleka kwenye gari lililoletwa asubuhi ile na mwenye gari, akilia kwamba linaoza. Akaigonga bodi mahali palipovimba. Rangi ikapasuka, fila ikaanguka kama ganda, na chini yake kukamwagika kutu nyekundu.

"Mwenye gari hili alikwenda kwa fundi mwingine mwaka jana," akasema. "Fundi akaona kutu, akapaka fila juu yake, akapuliza rangi. Siku ile gari liling'aa kweli. Sasa tazameni. Kuziba tundu si kosa, hiyo ndiyo kazi yangu. Kosa ni kuziba juu ya kutu."

"Kesho ndiyo maonyesho, Mjomba," Nzisa akasema. "Fila itakauka, lakini rangi haitawahi. Kovu litaonekana."

"Litaonekana."

Nzisa aliitazama ndege yake. Kisha akainua kidevu, kama alivyofanya siku ile darasani, akanyoosha mkono.

"Nipe wembe."

"Nzisa, itaharibika kabisa!" Shiru akalia.

"Basi iharibike ikiwa ya kweli. Shika hapa, usitetemeke."

Alipima mara tatu. Safari hii alichora mshale kuelekea puani na kuandika kwa penseli neno "kushoto" kabla ya kugusa wembe. Alikata mlango mahali pake. Na kipande kilichotoka kushoto, alipokijaribu kwenye tundu la kulia, kikaingia kama kifuniko kwenye chungu. Aligandisha, akapaka fila, akasugua kwa msasa mpaka kidole hakikuhisi ukingo. Doa la kijivu lilibaki kwenye ubavu wa manjano, pana kama ukucha wa kidole gumba.

Ijumaa asubuhi wazazi walijaa ukumbini. Ndege ya Musyimi iling'aa, kila kitu mahali pake. Kwenye meza ya Nzisa kulikuwa na ndege yenye doa, na nyuma yake picha mbili. Moja ilikuwa ya kweli, iliyochapishwa asubuhi hiyo, herufi za mkiani zikisomeka. Nyingine ilikuwa ile iliyogeuzwa.

"Hiyo nyingine tuitupe," Shiru alikuwa amemsihi.

"Hatutupi," Nzisa alijibu. "Tuliitengeneza sisi, tutasimama nayo sisi."

Mwalimu Gachanja alifika, akainama. "Doa hili ni la nini?"

Nzisa hakutazama chini. "Hapo nilikata mlango kimakosa, Mwalimu, kwa sababu niliitazama nusu ile kwa ndani. Kisha tukageuza picha kwenye simu ili tukudanganye. Hii hapa ndiyo picha ya uongo. Hii ndiyo ya kweli. Jana nilikata mlango mahali unapostahili. Kama nimevunja masharti, nitoe chamani. Lakini ndege hii sasa ni ndege ya Nuu, na hakuna mtu atakayeniambia siyo."

Musyimi akasogea karibu, akachungulia chini ya bawa.

"Hayo mabomba mliyavutaje?" akauliza, safari hii bila dhihaka.

Mwalimu Gachanja alilinganisha picha mbili kwa muda, akazipima na ndege. Kisha akawageukia wanafunzi wote.

"Zawadi ya kazi safi itakwenda kwa Musyimi na wenzake, nao wameistahili," akasema. "Na wewe, Nzisa, ulivunja sharti la pili siku ile mlipoigeuza picha. Kwa hilo, wewe na Shiru mtasafisha chumba cha sayansi hadi muhula uishe."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Lakini chamani hutoki. Wanangu, sikilizeni. Kukosea kupima ni jambo la kila mwenye mikono inayofanya kazi. Anayekosea na kusema hurekebisha kitu kimoja, yaani kosa lake. Anayekosea na kuficha hulazimika kuugeuza ulimwengu mzima ufanane na kosa hilo, hata vilima. Nzisa ni mbishi, nami mwalimu wake najua. Ubishi wa kutetea uongo ni upumbavu. Ubishi wa kurudi kwenye ukweli mbele za watu wote ni ujasiri. Maboksi mengine yakija, yeye ndiye atakayewafundisha kupima kabla ya kukata."

Wazazi walipiga makofi. Susu Wayua hakupiga. Alikuwa amesogea mezani na kuinamia ile picha ya kweli, akifuata kwa kidole mgongo wa kilima, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Haya," akasema, akikiweka sawa kitambaa chake cha kichwani. "Sasa kimerudi kwetu."